Moyamoya si ugonjwa wa moyo: mtoto anakimbia uani, nikubali apasuliwe kichwa?

BARUA

Mama Mshauri, jambo sana.

Ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nina watoto watatu. Wa pili ni mvulana wa miaka 8, kilo 22, ni SS, yaani ana ugonjwa wa seli mundu. Hilo tulilijua kabla hajatimiza mwaka, alipovimba vidole vya mikono na miguu, na tumejifunza kulibeba: mifupa kuuma katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba, malaria, damu kushuka, siku tatu hospitali, kisha nyumbani. La sasa ni jipya kwetu.

Lilianza na filimbi. Sisi ni Wakimbangu, waumini wa kanisa la Kimbangu, na mwanangu alikuwa ameingia kundi la watoto wapiga filimbi. Siku moja katikati ya mazoezi filimbi ikamdondoka. Mwalimu alidhani ni mchezo. Kumbe mkono wa kuume ulikuwa umelegea, na mdomo unatafuta neno haulipati. Baada ya dakika kama kumi alikuwa mzima, akaiomba filimbi yake. Mara ya pili alikuwa anapuliza bukari (ugali) ya moto. Mara ya tatu alilia sana baada ya kugombana na dada yake. Mkono ni uleule, na kila mara ulirudi. Mwezi wa kwanza mwaka huu alishikwa na malaria, akatapika usiku kucha, na kulipokucha mkono haukurudi. Sasa anashika kijiko kwa kushoto, na akichoka anauburuta mguu wa kuume.

Tulimpiga IRM, ile picha ya ubongo ya mashine ya sumaku, na picha ya mishipa. Jibu: moyamoya. Mishipa mikubwa ya kupeleka damu mbele ya ubongo imebanwa pande zote mbili, kushoto zaidi. Niliporudi nyumbani na jina hilo, mama mkwe alisikia "moyo". Hadi leo anawaambia majirani kwamba mjukuu wake ana ugonjwa wa moyo, na ananiuliza kwa nini wapasue kichwa wakati kinachoumwa ni moyo.

Munganga wetu anashauri upasuaji India. Huko wametuandikia kwamba watachukua mshipa wa ngozi ya kichwa na kuulaza juu ya ubongo, pande zote mbili. Daktari mwingine aliyeona picha hizohizo anasema ni bora kuunga mshipa kwa mshipa, maana njia ya kwanza inachelewa kufanya kazi. Tangu mwezi wa pili mtoto anakunywa aspirini ya miligramu 100, na ameongezewa damu mara mbili. Hajaanguka tena. Anakimbia uani, anaiba karanga zangu za kuuza.

Bwana yangu yuko kazini Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi. Gharama inakaribia bei ya kiwanja chetu cha upande wa Kasapa, na hatuna kingine. Anasema: mtoto ametulia, tunamchokoza wa nini? Mama mkwe anasema, tena mbele ya mtoto, kwamba watoto wa SS hawafiki mbali, na wale wawili wengine nao wanataka paa. Si mtu mbaya. Ndiye anayelala naye, kwa sababu mimi natoka alfajiri kwenda sokoni. Jioni anamnyima maji kwa sababu anakojoa kitandani.

Nikiuza kiwanja na mtoto akabaki mezani, nitakaaje katika nyumba hii? Nisipouza na mkono wa pili ukaenda, je? Na filimbi? Kila Jumapili ananiuliza.

Mama wa Katuba

JIBU

Mama wa Katuba, jambo, na pole.

Nikikusikia vizuri, kinachokusumbua si kisu peke yake. Mtoto ametulia, na utulivu huo ndio unaofanya upasuaji uonekane kama kumwamsha nyoka aliyelala. Pembeni kuna kiwanja, kuna mume aliye mbali, kuna nyanya anayempenda mjukuu wake na kumkatia tamaa wakati huohuo. Naomba tuyashike moja moja, bila haraka, tukianza na jina, kwa sababu jina limewapotosha.

Moyamoya ni neno la Kijapani la kitu chenye ukungu, kama funda la moshi hewani. Suzuki na Takaku, madaktari wa Japani, walilitumia mwaka 1969 kwa kuwa katika picha, vishipa vidogo vinavyoota chini ya ubongo kusaidia ile mikubwa iliyobanwa vinaonekana kama moshi. Na "moyo" wa Kiswahili havina undugu. Mwambie mama mkwe hivi: moyo wa mjukuu wako unasukuma damu vizuri, njia ya kuingilia kichwani ndiyo inazidi kuwa nyembamba. Kwa watoto wa SS jambo hili linajulikana, kwani seli zenye umbo la mundu hukwaruza ukuta wa mshipa mwaka baada ya mwaka hadi unanenepa kwa ndani.

Filimbi, bukari ya moto na kilio vimefanya kazi moja. Mtoto anapopumua haraka na kwa nguvu, anatoa hewa ya kaboni dayoksaidi nyingi kuliko kawaida. Ikishuka katika damu, mishipa ya ubongo hujikaza. Kwako au kwangu ni kizunguzungu tu. Kwake, upande wa kushoto wa ubongo, unaoongoza mkono wa kuume, ambao tayari unaishi kwa damu ya kuhesabu unakosa kabisa, na mkono unaanguka. Ndiyo maana mtu akitaka kumpima umeme wa ubongo, mwambieni mapema ni moyamoya, asimwagize kupuliza kwa nguvu kama wanavyofanya kwa watoto wengine. Usiku ule wa malaria sababu zilikuwa nyingine: homa, kutapika, maji kuisha, damu kuwa nzito. Matokeo yalikuwa yaleyale, ila safari hiyo sehemu ya ubongo ilikufa.

Sasa dhana ya kwanza: utulivu. Unasema ametulia tangu aspirini. Je, una hakika ni aspirini? Katika miezi hiyohiyo ameongezewa damu mara mbili, ameacha filimbi, na inaelekea hajapata malaria kali. Aspirini yake, miligramu 100 kwa kilo 22, iko ndani ya kipimo kinachotumika, 3 hadi 5 kwa kila kilo. Kazi yake ni kuzuia vibonge vya damu penye kubana. Haiufungui mshipa, wala haizuii kuendelea kubana. Moyamoya isiyofanyiwa upasuaji inakadiriwa kuzidi na kuonyesha dalili mpya kwa hadi theluthi mbili ya wagonjwa ndani ya miaka 5. Sikuandikii hivyo kukutisha. Nataka mume wako aone kwamba utulivu huu unashikiliwa na nguzo kadhaa, na nguzo hizo zinaweza kuanguka usiku mmoja wa homa.

Dhana ya pili ni ya mama mkwe. Watoto wa SS wanakua, wanasoma, wanaoa. Lakini hata tukiyaacha hayo, swali la upasuaji huu si kwamba ataishi miaka mingapi. Ni kwamba miaka hiyo ataiishi akiwa anasema na kutembea, au la. Na mtoto wa miaka 8 anasikia na kuelewa. Mwombe bibi ayaseme hayo kwenu ninyi wakubwa, mlango ukiwa umefungwa.

Dhana ya tatu huenda ni yako mwenyewe, ingawa hukuiandika: kwamba akipasuliwa mkono utarudi. Upasuaji haufufui sehemu iliyokufa. Unalinda iliyobaki, na mara nyingi huondoa yale matukio ya dakika kumi. Katika mkusanyo wa tafiti uliochapishwa mwaka 2005, kati ya watoto 1,156 waliofuatiliwa, 87% walipata nafuu ya dalili. Mkono unahitaji mazoezi ya viungo, kila siku, hata akiwa bado Katuba.

Hao madaktari wawili wanazungumzia njia mbili tofauti, na wote wawili wana hoja. Njia ya kwanza huufuata mshipa unaopita mbele ya sikio na kupanda kichwani (ukiweka kidole hapo unausikia unadunda). Wanauchora kwa kipimo cha sauti, wanautenganisha na ngozi chini ya darubini bila kuukata, damu ikiendelea kupita. Wanafungua dirisha katika mfupa, wanapasua utando mgumu, kisha wanafungua ule mwembamba wa buibui, na kuushonea mshipa juu ya ubongo kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mfupa unarudishwa ukiwa na nafasi pande mbili ili usiuminye mshipa. Ubongo wenye njaa ya damu huvuta vishipa vipya kutoka hapo. Daktari wa pili anasema kweli, njia hii inachelewa: vishipa huota kwa miezi, kwa kawaida 3 hadi 6, na picha ya kuthibitisha hupigwa karibu na mwaka mmoja.

Njia ya pili hukata mshipa huohuo na kuuunga na mshipa wa ubongo. Damu inafika siku ileile. Lakini kwa mtoto mishipa hiyo mara nyingi haifiki milimita 1, inabidi wa ubongo ufungwe kwa muda wakati wa kushona, na kuna hatari ya damu kuingia kwa nguvu isiyozoeleka. Ndiyo sababu kwa watoto, na hasa wa SS, wengi huchagua njia ya kwanza, na wengine huchanganya zote mbili. Kwa maoni yangu jina la njia lina uzito mdogo kuliko kinachofanyika saa 24 kabla ya kisu na siku chache baada yake. Hapo ndipo watoto wanapoharibikiwa.

Tazama namna gani. Mtoto ananyimwa maji tangu usiku wa manane, anafika akiwa mkavu. Analia akichomwa sindano, kaboni dayoksaidi inashuka. Mashine ya kupumulia inaendeshwa haraka mno, inashuka tena. Dawa ya usingizi inateremsha shinikizo la damu. Anaamka na maumivu, analia. Kila hatua inaweza kuleta kiharusi. Katika kundi moja la watoto 143 waliofanyiwa njia ya kwanza huko Boston, 7.7% walipata kiharusi ndani ya siku 30, na hiyo ni hospitali yenye uzoefu mkubwa. Baada ya kipindi hicho viharusi vilikuwa vichache sana. Kwa hiyo hofu yako ya meza si ya bure, ila hatari kubwa kwa mtoto huyu ni kiharusi cha siku hizo, kuliko kifo.

Kabla hujafikiria kiwanja, iandikie hospitali hiyo. Wamewapasua watoto wangapi wa moyamoya, na wangapi kati yao ni SS? Ni daktari gani wa magonjwa ya damu atamshughulikia? Jibu unalotaka kusikia ni kwamba watamwongezea au kumbadilishia damu hadi hemoglobini S, ile ya ugonjwa wake, iwe chini ya 30% na hemoglobini yote karibu na gramu 10, bila kuipandisha sana wakati S bado ni nyingi, maana damu inakuwa nzito. Kwamba atalazwa tangu jioni ya kuamkia siku ya kupasuliwa na kuwekewa maji mara moja na nusu ya kawaida. Kwa kilo 22 ni kama lita 2.3 kwa siku. Kwamba aspirini haitaachwa kiholela. Kwamba kaboni dayoksaidi itapimwa na kushikwa kati ya 35 na 45, na maumivu yatatulizwa kabla hajalia. Waulize pia kama pande zote mbili ni siku moja au mbili, na kama bei ina damu na picha ya baada ya mwaka. Wakijibu kwa mstari mmoja, hilo nalo ni jibu.

Sasa kungoja, kwa sababu kungoja nako ni njia, mradi kuwe kungoja kwa kazi. Damu mara mbili si mpango. Mpango ni kila wiki 3 hadi 4, S ikipimwa, chuma mwilini ikifuatiliwa kwa sababu damu nyingi huiacha ini na moyo vikijaa chuma. Je, hospitali yenu inaweza kuwapa damu iliyopimwa kila mwezi, na ndugu wa kuchangia mnao? Hidroksiurea, dawa ya kunywa ya SS, husaidia penye uhaba wa damu ya kuongezewa, lakini kwa mtoto aliyekwisha kupata kiharusi hailindi sawa na kuongezewa damu: katika utafiti uliochapishwa 2012, waliohamishiwa hidroksiurea walipata viharusi 7, waliobaki kwenye damu hawakupata hata kimoja. Na hata damu ya kila mwezi, kinga yake hupungua pale moyamoya ilipokwisha kuota. Mkichagua kungoja, wekeni tarehe ya IRM nyingine, miezi 6 kwa mfano, na mkubaliane leo ni kitu gani kitawafanya mwende: tukio moja jipya, doa jipya kwenye picha, au mpango wa damu kukatika.

Iko njia ya katikati: kuanza na upande wa kushoto ulio mbaya zaidi, kisha wa kuume. Inagawa gharama, lakini ni usingizi mara mbili na safari labda mara mbili, na upande wa pili unabaki wazi. Kuhusu safari yenyewe, aongezewe damu kabla. Ndani ya ndege hewa ni kama ya mlima unaokaribia mita 2,400, Lubumbashi ni kama 1,200. Mkipitia Addis Ababa, mji huo wenyewe uko zaidi ya mita 2,300. Maji, joto, na aspirini mkobani, si kwenye mzigo.

Mkienda, usimwache mume wako aamini kwamba mnarudi na mtoto aliyepona. Katika miezi ile vishipa vinapoota, bado hana kinga. Damu, aspirini na maji vinaendelea. Kofia ya kubana na miwani yenye mikono migumu vinaweza kuuminya mshipa mbele ya sikio. Wengi hulegeza hapo, wakiona kovu limekauka. Ndiyo sababu katika hesabu ya kiwanja iwekeni pia damu na picha za mwaka wa kwanza. Kiwanja kinachotosha tiketi na kisu tu bado hakitoshi. Mwisho wa mwezi bwana akirudi, msianze na neno "kuuza". Mwonyeshe picha, umwonyeshe doa la kushoto, umwulize anafikiri utulivu huu unashikiliwa na nini. Pengine anapinga kwa sababu hakuwepo asubuhi ile mkono ulipokataa.

Liko jambo moja lisilongoja mume wala India: maji ya jioni. Figo za mtoto wa SS haziwezi kukusanya mkojo mzito, kwa hiyo anakojoa sana na kukauka upesi, akinyimwa maji au asiponyimwa. Kumnyima hakuzuii kukojoa, kunafanya damu iwe nzito usiku. Anahitaji angalau lita 1.5 kwa siku, zaidi akiwa na homa au jua kali, na kikombe cha kulalia kikiwemo. Mnunulieni mpira wa kutandika chini ya shuka. Homa ikija, parasetamoli, miligramu 330 kwa mara moja kwa kilo zake, na hospitali siku hiyohiyo. Ibuprofeni inaweza kuzuia kazi ya aspirini, msimpe bila kuuliza. Akipata tetekuwanga au mafua makali, daktari aambiwe mara moja, aspirini huenda ikasimamishwa. Na bukari ipoe kwanza ndipo aitwe mezani.

Filimbi, kwa sasa, hapana, na mwambie sababu kwa lugha yake: inakula hewa ambayo kichwa chake kinaihitaji. Picha ya mwaka ikionyesha vishipa vimeota, mpasuaji ndiye wa kuulizwa tena. Mpaka hapo, kundi lile lina ngoma, na ngoma hata mkono wa kushoto unaanza nayo. Nenda ukaongee na mwalimu kabla ya Jumapili.